Bill Lancaster na Ndege ya Jangwani
Mkaazi wa Lafey, katika Kaunti ya Mandera, hahitaji kufunzwa maana ya kiu. Kiu ndiyo iliyomwangamiza rubani Mwingereza Bill Lancaster, aliyezaliwa mwaka 1898. Mahakama ya Miami ilipomwondolea shtaka la mauaji mwaka 1932, alitaka kulisafisha jina lake kwa kuvunja rekodi ya safari ya Uingereza hadi Cape Town. Aprili 1933 ndege yake, Southern Cross Minor, ilianguka Sahara. Alikaa kando yake siku nane akiandika shajara na kungojea msaada usiofika. Askari wa Ufaransa waliukuta mwili wake mwaka 1962. Mabaki ya ndege yaliokolewa mwaka 1975, yakahifadhiwa katika Makumbusho ya Queensland, Australia. Hata hivyo, ni shajara iliyotueleza alivyokufa.