Ukistaafu utakwenda wapi? Tumtazame Sheikh Abdallah Saleh Farsy

Mtumishi wa umma akikaribia miaka 60 huanza kujaza karatasi za kustaafu. Katika karatasi hizo mna swali moja linaloonekana jepesi, nalo ni la kueleza kwao ni wapi, kwa kuwa mwajiri hulipa nauli ya mstaafu na mizigo yake mpaka huko. Wengi hulijibu kwa kuandika jina la kijiji walichozaliwa, wakatia saini, wakasahau. Tatizo huanza siku mizigo inapotakiwa kupakiwa.

Hivi karibuni nilikuwa Maswa, mkoani Simiyu. Baada ya swala ya Magharibi niliketi kibarazani mwa msikiti na mwalimu mmoja mstaafu. Asili yake ni Tanga. Alipangiwa kazi Usukumani akiwa kijana asiye na mke, wakati huo Maswa ikiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga, kabla ya mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012. Akaoa huko huko, akazaa, akazika. Kisukuma anakizungumza mpaka wenyeji humsahau kuwa ni mtu wa pwani. Nauli ya kurudi Tanga alishalipwa miaka kadhaa iliyopita, lakini mpaka leo yupo Maswa.

Nilipomuuliza sababu, alinieleza kuwa ndugu zake wanamwita Tanga, wanawe wanamtaka Dar es Salaam, na majirani zake wa Maswa hawataki hata kusikia habari ya kuondoka. Mafao aliyopata yanatosha nyumba moja tu, wala si tatu. Na kuna jambo jingine linalomshika: jioni huwasomesha watoto madrasa, na hajaona wa kumwachia.

Mkononi alikuwa na tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, jalada lake limebanduka na kushonwa kwa uzi. Nikajiambia kuwa huyu mzee ameshika kitabu cha mtu ambaye naye alilazimika kujibu swali hili hili, tena zaidi ya mara moja. Ndugu msomaji, wengi wetu tunalijua jina la Sheikh Farsy kutoka kwenye jalada, lakini maisha yake hatuyajui. Tuyatazame kidogo, kwani yana mafunzo kwa kila anayekaribia kufunga mizigo.

Sheikh Abdallah Saleh Farsy alizaliwa Zanzibar tarehe 12 Februari 1912, katika ukoo wenye asili ya Oman. Zanzibar ya wakati ule ilikuwa chuo kikubwa cha elimu ya dini kwa Afrika Mashariki yote. Wanafunzi walitoka Lamu, Mombasa, Ngazija na bara, wakaja kukaa mbele ya masheikh wa mjini. Miongoni mwa waliomsomesha kijana huyu ni Sheikh Abubakar bin Abdallah Bakathir na Sayyid Omar bin Ahmad bin Sumait. Pamoja na elimu hiyo ya misikitini alipata pia elimu ya skuli za serikali na mafunzo ya ualimu, na kuanzia miaka ya 1930 akawa mwalimu.

Ikumbukwe kuwa kabla ya kuwa kadhi, Sheikh Farsy alikuwa mwalimu wa skuli kwa miaka mingi. Hapana shaka hilo ndilo lililompa namna yake ya kuandika. Aliandika Kiswahili chepesi, akimfikiria mtu wa kawaida asiyejua Kiarabu. Aliandika vitabu vya swala, vya saumu, vya ndoa na talaka, na maisha ya Mtume Muhammad (SAW). Aliandika pia tarekhe ya Seyyid Said bin Sultan, na kitabu juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika ambacho watafiti wa vyuo vikuu wanakitegemea mpaka leo. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiingereza na Randall Pouwels na kuchapishwa Marekani mwaka 1989.

Mwaka 1960 aliteuliwa kuwa Kadhi wa Zanzibar. Mtu wa kawaida angedhani kuwa safari yake imefika hapo: yupo alipozaliwa, katika cheo alichokuwa nacho mwalimu wake Sayyid Omar kabla yake, ndugu na wanafunzi wamemzunguka. Aliyebaki angestaafu, akazeeka, akazikwa Unguja. Lakini binadamu hupanga na Mwenyezi Mungu hupanga.

Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Zanzibar aliyoijua ikabadilika. Wanavyuoni wengi waliondoka, kila mmoja kwa njia yake. Sayyid Omar, aliyekuwa mtu mzima sana, alimalizia umri wake Visiwa vya Comoro, na yeye alikuwa mzaliwa wa Ngazija. Kwa maneno mengine, mwalimu alirudi alikozaliwa. Sheikh Farsy hakuondoka mara moja. Aliendelea na kazi ya ukadhi mpaka mwaka 1967, kisha naye akavuka kwenda Kenya.

Mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akimfuatia Sheikh Muhammad Kassim Mazrui. Makao ya cheo hicho yalikuwa Mombasa, na uzito wake si mdogo. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, mahakama za kadhi zilihifadhiwa katika katiba kutokana na makubaliano juu ya ukanda wa pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Kwa hiyo mgeni kutoka Unguja alipewa kusimamia mirathi, ndoa na talaka za Waislamu wa nchi nyingine.

Hapa tusimame tufanye hesabu. Alikuwa na umri wa miaka 56. Huo ni umri ambao watumishi wengi wa zama zile walikuwa wakihesabu miezi ya kustaafu. Alikuwa ameacha mji wake na baraza zake za darsa. Lau angejikalia Mombasa akisimulia uzuri wa Unguja ya zamani, nani angemlaumu?

Yeye alikuwa amebeba kazi isiyokwisha. Tangu miaka ya 1950 alikuwa akiifasiri Qur'ani kwa Kiswahili na kuitoa sehemu kwa sehemu. Sababu iliyomsukuma inajulikana. Tafsiri ya mwanzo ya Qur'ani nzima kwa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1923, ilikuwa kazi ya Padri Godfrey Dale wa misheni ya Kianglikana. Iliyofuata, ya mwaka 1953, ilitolewa na Maahmadiyya. Waislamu wa Kisunni wa Afrika Mashariki, pamoja na wingi wao na wanavyuoni wao, hawakuwa na tafsiri kamili ya kuwapa watoto wao kwa lugha wanayoielewa.

Mwaka 1969, akiwa ugenini, kazi ile ilikamilika. Islamic Foundation ya Nairobi ikaichapisha kwa jina la Qurani Takatifu. Kuanzia hapo kitabu kikasafiri kuliko mwandishi wake. Kilifika Tabora, Ujiji, Bujumbura na Bukavu, na kikafika Maswa, mahali ambapo msikiti wenyewe ni mdogo na Waislamu ni wachache. Kazi kubwa ya maisha yake ilitimia baada ya kuhama.

Je, alipokewa na wote kwa mikono miwili? La. Hili nalo tuliseme ili tusidanganyane. Katika miaka yake ya Kenya Sheikh Farsy alizidi kusema na kuandika dhidi ya mambo aliyoyaona kuwa ni bid'a, yakiwemo mambo yaliyokuwa yamezoeleka sana mwambao mzima. Baadhi ya masheikh walimpinga waziwazi, na mjadala ule haujesha mpaka leo. Makala haya hayakuandikwa kuamua nani alikuwa na hoja. Linalotuhusu ni kuwa mtu akihamia kwa watu, hata akiwa na cheo na elimu, atapata wa kumpenda na wa kumpinga. Anayedhani kuwa kuhama ni kukimbia maneno ya watu, atayakuta mbele yakimngoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiukaribia umri wa miaka 70, Sheikh Farsy aliacha ukadhi. Sasa ndipo likaja swali la mwalimu wetu wa Maswa. Aende wapi? Zanzibar alikozaliwa? Abaki Mombasa alikofanya kazi zaidi ya miaka kumi? Alikwenda Oman, walikokuwa watoto wake.

Wapo watakaosema alikwenda kutafuta raha za Waarabu. Tuwe waadilifu. Tangu Sultan Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970, Waomani wengi waliozaliwa Afrika Mashariki walihamia huko, na mitaa ya Muscat ikajaa watu wanaozungumza Kiswahili cha Unguja. Kiarabu alikijua vizuri. Asili ya ukoo wake ni huko. Na watoto wake wapo. Kwa hiyo mzee huyu hakujitupa gizani, alikwenda mahali ambapo angeamkuliwa kwa lugha yake na kuuguzwa na damu yake.

Hakukaa muda mrefu. Tarehe 9 Novemba 1982 Sheikh Abdallah Saleh Farsy alifariki dunia huko Oman, akiwa na umri wa miaka 70. Alizaliwa Unguja, akafanya kazi Mombasa, akafia Muscat. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Basi tunajifunza nini sisi tunaojenga nyumba Mbagala, tuna shamba Muheza na tumeajiriwa Bariadi?

Kwanza, tusidanganywe na neno kwetu. Mtu aliyeondoka kijijini akiwa na miaka 25 akarudi na miaka 60 anaweza kukuta wenzake wa rika wamekufa, shamba limegawanywa, na vijana wanamuuliza yeye ni nani. Nimewaona waliorudi na kiinua mgongo chote, wakajenga nyumba kubwa ya bati la rangi, kisha wakaishi humo kama wageni. Kinyume chake pia kipo. Wapo waliofuata watoto mjini, wakaishia chumba cha uani wakitazama ukuta, mtoto anatoka alfajiri na kurudi usiku. Sheikh Farsy alipofuata watoto alifuata pia lugha na jamaa. Atakaye kuiga uamuzi ule aangalie na misingi yake.

Pili, jambo hili liamuliwe mapema, na liandikwe. Mstaafu mwenye kiwanja Maswa, nyumba ya urithi Tanga na mke wa pili Mwanza, akifa bila wasia na bila kuweka wazi madeni na mali zake, huacha kesi. Tumeona maiti ikigombewa baina ya mikoa miwili, huku ugomvi wenyewe ni wa hati ya kiwanja. Ni ajabu kwamba tunamsoma mtu aliyekaa miaka akiamua mirathi za watu, na zetu hatuzipangi.

Tatu, na kwangu hili ndilo kubwa. Sheikh Farsy aliweza kuondoka kila mahali kwa sababu kila alipotoka aliacha wa kuendeleza. Wanafunzi wake wa Unguja na Mombasa walibaki wakisomesha. Dar es Salaam alikuwepo Sheikh Saidi Musa, ambaye alieneza sana maandishi ya mwalimu wake, akaandika na kitabu kizima juu ya maisha yake. Elimu haikupakiwa katika mizigo ikaondoka naye.

Nilipomweleza haya mwalimu wangu wa Maswa alinyamaza kwa muda. Kisha akanihesabia wanafunzi wake wakubwa kwa vidole. Mmoja yupo chuo Mwanza, wa pili anaendesha bodaboda, wa tatu ni binti aliyemaliza kidato cha nne, anasoma vizuri kuliko wote, na yupo nyumbani tu. Nikamuuliza kwa nini asianze kumkabidhi huyo binti darasa la wadogo. Hakunijibu hapo hapo, lakini asubuhi yake nilipokwenda kumuaga nilimkuta akikata karatasi na kuandika majina ya watoto, darasa kwa darasa.

Huenda mwakani atakuwa Tanga, au Dar es Salaam, au hapo hapo Maswa akiwa chini ya mwembe wake. Ndugu msomaji wa mjini, wewe uliyebakiza miaka mitatu au mitano kazini, nakuomba kabla ya kujaza swali la kwenu ni wapi, utazame kwanza ulipo. Wapo wangapi wanaokutegemea hapo, na umemwandaa nani? Ukishalijibu hilo, nauli unaweza kuichukua kwenda popote.