Thomas Young na Sauti Iliyozima Sauti

Mtaani niishipo, kila Jumamosi usiku baa na kanisa hushindana kwa vipaza sauti. Wapiganapo tembo, nyasi huumia, na nyasi ni sisi wakazi. Katika adha hiyo humkumbuka Thomas Young, mtaalamu wa Kiingereza aliyefariki London mwaka 1829.

Young alizaliwa Milverton mwaka 1773, kifungua mimba wa watoto 10 katika familia ya Quaker. Alisomea utabibu, na mwishoni mwa tasnifu yake ya Göttingen, mwaka 1796, aliongeza kurasa chache za alfabeti ya kuandikia sauti za lugha zote. Sisi wanaisimu twamheshimu kwa hilo, na kwa kubuni jina la lugha za Kihindi-Ulaya mwaka 1813.

Lakini deni kubwa zaidi ni la mawimbi. Mwaka 1801 alieleza kwamba mawimbi mawili yakikutana kilele kwa kilele huongezeana nguvu. Kilele kikikutana na bonde, hufutana. Aliyaona hayo kwanza katika sauti, kisha akadai kuwa nuru nayo ni hivyo. Kwa vile Newton aliihesabu nuru kuwa chembe, Young alikejeliwa vikali katika jarida la Edinburgh Review. Kijitabu alichotunga kujitetea husemekana kiliuzwa nakala moja tu. Miaka mingi baadaye, kazi ya Mfaransa Augustin Fresnel ilimpa haki yake.

Leo wahandisi hutumia kanuni hiyo hiyo. Hupanga vipaza sauti vidogo kwa safu, kila kimoja kikicheleweshwa kwa kipimo chake, ili mawimbi yaungane penye msikilizaji mmoja na yafutane penye jirani yake. Hivyo, ndani ya gari, dereva aweza kusikia maelekezo ya njia huku mtoto nyuma akilala.

Hata hivyo, kimya kamili hakipatikani. Sauti nzito ya mitetemo 100 kwa sekunde ina wimbi la mita 3.4 hivi, wala safu fupi haiwezi kuiongoza. Kuta nazo hurudisha mwangwi.

Basi tusingojee wahandisi. Mwenye baa na mchungaji waweza leo kuvigeuza vipaza sauti vyao vielekee ndani, kwa wateja na waumini waliokuja kusikiliza. Kazi hiyo haihitaji shahada.