Munganga Becker wa Oicha: uponyaji usioishia kwenye dawa



Katika makanisa ya upande wa Beni na Ituri, jina la Munganga Becker linajulikana. Huku kwetu Goma vijana wengi hawalijui. Ninaandika juu yake kwa sababu ya ndugu tulio nao hapa Mapendo: wale waliotoka hospitali na kidonda kimefunga, lakini bado hawajarudi katika maisha.

Carl Becker alizaliwa mwaka 1894 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Alimaliza masomo ya udaktari mwaka 1922 huko Philadelphia, akaanza kutibu watu katika mji mdogo wa Boyertown. Kazi ilimwendea vizuri, na mapato yake yalipita dola 10,000 kwa mwaka, fedha nyingi sana kwa siku zile. Mwaka 1929 aliacha yote, akaja Kongo pamoja na mke wake Marie. Walitumwa na Africa Inland Mission, misheni ambayo kazi yake ilizaa jumuiya ya CECA 20. Posho yao ilikuwa dola 60 kwa mwezi.

Walitumika kwanza katika vituo vingine, kisha mwaka 1934 wakahamia Oicha, kaskazini ya Beni, ndani ya msitu mkubwa. Wagonjwa walifika kutoka vijiji vya mbali, na Wambuti wa msituni pia. Becker alipasua, alizalisha, alitibu malaria, na baadaye alifungua mahali pa kutunzia wagonjwa wa akili, watu ambao wengi waliwaogopa. Lakini kundi lililomgusa moyo zaidi ni wenye ukoma. Walikuja kwa mamia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kijiji chao pale Oicha kilikuwa na wagonjwa wapatao 4,000, kwenye ardhi ya hekta zaidi ya 400.

Tuelewe ukoma unafanya nini. Wengi hufikiri kwamba ugonjwa wenyewe unakula vidole. Sivyo. Vijidudu vya ukoma hushambulia mishipa ya fahamu, na mkono au mguu unakufa ganzi. Mama anashika sufuria ya moto bila kusikia kwamba anaungua. Mkulima anakanyaga mwiba asubuhi na kutembea nao mpaka jioni. Kidonda kinaoza kwa sababu hakuna maumivu ya kumwonya mwenyewe, na vidole vinakunjamana kwa sababu misuli imekosa nguvu. Ni daktari Paul Brand, Mkristo aliyetumika Vellore, India, aliyeonyesha jambo hilo waziwazi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Alihamisha kano zenye nguvu ili vidole vilivyokunjamana vifunguke tena, na aliwafundisha wagonjwa kuvaa viatu vinavyofaa na kuchunguza mikono na miguu yao kila siku.

Baada ya Vita Kuu ya Pili dawa za salfoni zilifika, na kwa mara ya kwanza ukoma uliweza kuzuiwa kweli. Leo dawa za mchanganyiko, ambazo Shirika la Afya Duniani lilianza kuzipendekeza mwaka 1981, huponya kwa miezi 6 au 12. Lakini dawa inaua vijidudu tu. Hairudishi kidole kilichokatika, wala haimwambii jirani asiogope kukaa karibu. Kwa sababu hiyo kijiji cha Oicha kilikuwa na maana kubwa. Mtu aliyefukuzwa kwao alipata mahali pa kukaa, watu wa kuishi nao, na Neno la Mungu. Hata hivyo, kijiji cha pembeni hakiwezi kuchukua nafasi ya nyumbani. Dawa ilipomtakasa mgonjwa, swali lilihamia kwa wengine: je, kwao watampokea?

Mwaka 1964, waasi wa Simba walipokaribia, Becker na wenzake walilazimika kukimbia Oicha. Alikuwa na miaka 70, umri ambao wengi wangesema sasa basi. Mwaka uliofuata alirudi. Misheni kadhaa ziliungana wakaanzisha Kituo cha Matibabu cha Kiinjili cha Nyankunde, karibu na Bunia, na Becker akawa kati ya viongozi wake. Nia ilikuwa kufundisha Wakongo, ili kazi isimame bila mzungu. Alirudi Marekani mwaka 1976, akiwa amepita miaka 80, na akafariki mwaka 1990.

Mbegu hiyo ilijaribiwa kwa moto. Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa, watu wengi waliuawa, hata wagonjwa vitandani, na hospitali ikaporwa. Watumishi na wagonjwa waliosalia walitembea kwa miguu siku nyingi mpaka Oicha. Oicha, kijiji kilichowahi kuwapokea waliofukuzwa kwao, kikawapokea watumishi wa afya wenyewe.

Sasa turudi Mapendo. Tangu vita vilipoingia mjini Januari 2025, na hata kabla yake, tumeona waliokatwa mguu, waliovunjika mgongo, na wale ambao kiharusi kimewaachia upande mmoja bila nguvu. Hapa Goma kituo cha Shirika la Umoja hutengeneza miguu ya bandia na kufundisha watu kutembea tena. Ni kazi ya uvumilivu: kisiki kipone, kizoee mguu mpya, misuli ijifunze upya hatua kwa hatua. Lakini mtu huyo akitoka pale na magongo yake, anakutana na mawe ya volkano njiani, ngazi mlangoni pa kanisa, na macho ya watu.

Katika Marko 1:40-45 Yesu alimgusa mwenye ukoma kabla ya kumtakasa. Kisha akamtuma aende kujionyesha kwa kuhani. Kwa nini, kama amekwisha kupona? Kwa sababu, kwa sheria ya Walawi 14, kuhani ndiye aliyemrudisha kati ya watu. Ngozi ilitakaswa na Bwana kwa neno moja, lakini mlango wa kambi ulipaswa kufunguliwa na ndugu zake.

Mlango huo uko mikononi mwetu. Mashemasi wahesabu wagonjwa wa muda mrefu katika kila kundi na kuwatembelea, hata baada ya mwezi wa tatu, wakati wageni wamekwisha kupungua. Vijana wajenge njia laini penye ngazi. Kwaya imrudishie mwimbaji wake kiti chake, aimbe akiwa ameketi. Mama aliyepoteza mkono na bado anajua kuhesabu, akabidhiwe daftari la sadaka. Asiwe mtu wa kuombewa tu kila Jumapili. Awe mtumishi pamoja nasi.

Bwana atusaidie kuwapokea kama alivyotupokea sisi. Amina.