Mbaraka Mwinshehe: gitaa la bendi, nyimbo za mtunzi

Mwezi Juni 2020, katika mnada uliofanyika Beverly Hills nchini Marekani, gitaa la mbao lililotengenezwa mwaka 1959 na kutumiwa na mwanamuziki Kurt Cobain lilinunuliwa kwa zaidi ya Dola za Marekani milioni 6. Mwenyewe alikuwa amefariki dunia miaka 26 kabla ya siku hiyo. Kwa mkazi wa Chamazi au Mbagala, ambako nyimbo za zilipendwa bado husikika katika kumbi za sherehe, habari ya namna hiyo humkumbusha mpiga gitaa wa kwetu, hayati Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Maisha yake yanaonesha kuwa mali kubwa aliyoiacha haikuwa kitu cha kupelekwa kwa dalali.

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944, mwaka uleule ilipoanzishwa bendi ya Morogoro Jazz. Mwaka 1965 aliacha masomo na kujiunga na bendi hiyo. Mji wa Morogoro ulikuwa pia maskani ya Cuban Marimba, bendi ya Salum Abdallah, ambaye alifariki katika ajali ya gari mwaka huohuo. Ushindani wa bendi hizo mbili uliwanoa wanamuziki wa pande zote. Katika muda mfupi kijana huyo akawa mpiga gitaa la solo, mtunzi na mwimbaji kiongozi, na mashabiki wakampa jina la Soloist National.

Inafaa kueleza hapa desturi ya zama hizo, kwa kuwa wengi wa rika la sasa hawaifahamu. Gitaa la umeme, kikuza sauti na ngoma vilikuwa vitu vya gharama kubwa, na mwanamuziki mmoja mmoja hakuwa na uwezo wa kuvinunua. Vyombo vilikuwa mali ya bendi, ya mfadhili wake, au ya taasisi iliyoiajiri. Bendi ya NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa chini ya jumuiya ya wafanyakazi, na vyombo vyake vilikuwa vya jumuiya. Mpigaji aliyehama aliondoka na vidole vyake. Gitaa lilibaki kwa mwingine.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz iliiwakilisha Tanzania katika maonesho ya kimataifa ya Expo 70 mjini Osaka, Japani. Heshima hiyo haikuwa ndogo kwa bendi ya mkoani. Bendi ilishiriki pia katika masuala ya Taifa: baada ya kuuawa kwa Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, Desemba 1971, Mbaraka alitunga wimbo wa kumwomboleza.

Mwaka 1973 aliachana na Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano, iliyojulikana kwa mtindo wa Masika. Huu ndio wakati wa wimbo Shida, ambao hadi leo hutambulika kwa mapigo ya mwanzo tu ya gitaa. Nchini kwetu studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kwa ajili ya matangazo, lakini hapakuwa na kiwanda cha santuri. Kwa sababu hiyo santuri zake zilitengenezwa na kuuzwa kupitia kampuni za Nairobi.

Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Muziki wake haukufungiwa nao. Ilikuwa akiwa ziarani Mombasa, Januari 1979, alipofariki dunia kutokana na ajali ya gari, akiwa na umri wa miaka 34.

Baada ya kifo chake Super Volcano haikudumu. Gitaa huchakaa na huuzwa. Utunzi una hesabu nyingine kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, iliyounda COSOTA, inalinda kazi ya mtunzi katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo. Kwa hesabu hiyo, tungo za Mbaraka zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2029. Hadi wakati huo, anayezipiga hadharani kibiashara, ukumbini au redioni, anatakiwa kuwa na kibali, na mirabaha ni haki ya warithi, isipokuwa pale ambapo mtunzi alikwishahamisha haki hizo kwa mkataba. Mikataba ya santuri ya miaka ya 1970 ilisainiwa kwa mihuri ya kampuni ambazo nyingi hazipo tena, na familia za wanamuziki wa kizazi kile zenye nakala zake zitazihitaji kabla ya miaka hiyo 50 kutimia.