Brown-Séquard: Mwana wa Mauritius aliyeutafuta ujana kwenye sindano

KATIKA vituo vya matatu kuanzia Likoni hadi Ukunda na Msambweni, kama ilivyo katika miji mingi ya Kenya, hakukosekani karatasi iliyobandikwa ukutani ikimwahidi mwanamume kurudishiwa nguvu zake kwa siku chache. Wengi huipita wakijifanya hawakuisoma, ilhali nambari ya simu wameshaikariri kimoyomoyo.

Ahadi hiyo si ya jana. Miongoni mwa walioitangaza kwanza kwa jina la sayansi ya kisasa hakuwa mganga wa njiani bali profesa mashuhuri wa Paris, mzaliwa wa kisiwa kilichomo katika Bahari hii hii ya Hindi. Jina lake ni Charles-Édouard Brown-Séquard.

Maisha yake yanastahili kukumbukwa katika Kwale ya leo kwa sababu hakuwa tapeli. Alikuwa msomi mwenye kipaji na moyo mweupe, na bado alidanganyika kuhusu mwili wake mwenyewe. Ikiwa mtu wa elimu ile aliteleza, msomaji wa karatasi za ukutani ana kila sababu ya kutahadhari.

Yatima wa Port Louis

Brown-Séquard alizaliwa Aprili 8, 1817, mjini Port Louis, Mauritius, kisiwa ambacho Waingereza walikuwa wamewapokonya Wafaransa mwaka wa 1810. Baba yake, Edward Brown, alikuwa nahodha Mmarekani kutoka Philadelphia. Alipotea baharini kabla mwanawe hajazaliwa.

Mama yake, Charlotte Séquard, aliyekuwa wa asili ya Kifaransa, alimlea kwa pato la ushonaji. Mwana huyo baadaye aliliunganisha jina la mama na la baba asiyemwona, na ndilo aliloingia nalo katika vitabu vya utabibu.

Kisiwa hicho kina udugu mchungu na pwani yetu. Katika karne ya 18 wafanyabiashara wa Kifaransa walinunua watu katika upwa wa Afrika Mashariki ili wakafanye kazi katika mashamba ya huko, na mwaka wa 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa. Shimoni, kusini mwa Msambweni, ambako wageni huonyeshwa pango la watumwa, ni ukumbusho wa biashara iyo hiyo. Utumwa ulipokomeshwa Mauritius mwaka wa 1835, Brown-Séquard alikuwa kijana wa miaka 17.

Mwaka wa 1838 alisafiri na mama yake hadi Paris akitaka kuwa mwandishi. Mwandishi maarufu Charles Nodier alimvunja moyo, naye akageukia utabibu. Alihitimu udaktari mwaka wa 1846.

Mwili wake ndio maabara

Tangu mwanzo aliupenda utafiti kuliko fedha. Alionyesha kwamba ugwe ulio ndani ya uti wa mgongo ukikatwa nusu upande mmoja, mwili hupooza upande huo huo, lakini upande wa pili ndio usiohisi maumivu. Hadi leo madaktari huuita ugonjwa huo kwa jina lake.

Mwaka wa 1856 alionyesha pia kwamba mnyama aliyeondolewa tezi mbili zilizo juu ya figo hufa. Kutokana na kazi kama hiyo, wanasayansi walianza kufahamu kwamba ziko tezi zinazomimina kemikali ndani ya damu, na kwamba bila kemikali hizo uhai hauendi. Leo kemikali hizo huitwa homoni.

Hata hivyo, alikuwa na tabia iliyowatisha rafiki zake: kila jambo alilijaribu kwanza juu yake mwenyewe. Alimeza sifongo zilizofungwa uzi, kisha akazivuta ili apate maji ya tumboni ya kuchunguza. Kutokana na hilo alibaki na maradhi ya kucheua chakula kwa muda mrefu.

Kipindupindu kilipoivamia Mauritius mwaka wa 1854, alirudi nyumbani kuwahudumia wagonjwa. Huko alimeza matapishi ya wagonjwa ili aambukizwe, apate kuijaribu dawa ya afyuni. Baadaye, alipokuwa akifundisha Richmond, Marekani, alijipaka vanishi mwili mzima ili ajue kazi ya ngozi, akakaribia kufa.

Hakutulia mahali pamoja. Alifanya kazi London katika hospitali ya wagonjwa wa kupooza na kifafa, akafundisha Chuo Kikuu cha Harvard kuanzia mwaka wa 1864, akaoa mara tatu na kuvuka Atlantiki mara nyingi. Mwaka wa 1878 alipata cheo alichokuwa akikitamani: alimrithi mwanafiziolojia mkuu Claude Bernard katika Collège de France.

Sindano za 1889

Juni 1, 1889, akiwa na umri wa miaka 72, alisimama mbele ya chama cha wanabiolojia mjini Paris na kutoa habari iliyowaacha wenzake vinywa wazi. Alisema alikuwa amejidunga chini ya ngozi maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na za simbilisi, yule mnyama mdogo afugwaye maabara.

Kwa maelezo yake, matokeo yalikuwa ya ajabu. Uchovu ulimtoka, akaweza tena kufanya kazi kwa saa nyingi na kupanda ngazi mbio. Alipima nguvu za mkono wake kwa chombo, akapima hata umbali wa mkojo wake, na kila kipimo kilimwambia kwamba ujana umerudi.

Wapo wanasayansi waliocheka na wapo waliosikitika. Lakini magazeti ya Ulaya na Marekani yaliivumisha habari hiyo, na upesi wakazuka wachuuzi wa maji ya ujana. Yeye mwenyewe hakutaka kutajirika kwayo: aliwapelekea madaktari dawa hiyo bila malipo, na aliwalalamikia waliotumia jina lake kuuza wasichokijua.

Msingi wa wazo lake ulikuwa sahihi. Korodani kweli hutoa kemikali iingiayo katika damu, nayo ni testosteroni, ambayo ilitenganishwa na kutengenezwa maabara mwaka wa 1935. Kosa lilikuwa katika dawa yenyewe. Korodani haziweki akiba kubwa ya homoni hiyo, nayo haiyeyuki vizuri katika maji aliyoyatumia.

Mwaka wa 2002 watafiti wa Australia waliitengeneza upya dawa yake kwa kufuata maelezo yake. Walikuta kiasi cha testosteroni ndani yake ni kidogo mno kiasi cha kutoweza kubadili chochote mwilini. Nguvu alizozihisi mzee yule zilitokana na imani yake.

Hapo ndipo lilipo funzo. Moyo ukitarajia kupona, mwili hujihisi umepona kwa muda. Ndiyo maana ushuhuda wa mtu mmoja, hata awe profesa, hautoshi kuthibitisha dawa.

Ombwe badala ya sindano

Wakati dunia ikikimbilia maji ya tezi, na baadaye vipande vya korodani za nyani alivyovipandikiza daktari Serge Voronoff katika miili ya wanaume mjini Paris kuanzia mwaka wa 1920, njia nyingine ilikuwa ikisonga mbele kimya kimya. Haikuahidi ujana. Iliahidi jambo moja tu: kuuingiza damu uume usiosimama.

Mnamo 1874 daktari Mmarekani John King aliandika kuhusu kioo chenye pampu ya kunyonya hewa, akaona kwamba uume ulisimama ndani yake lakini ukalegea mara kioo kilipoondolewa. Mwaka wa 1917 Otto Lederer wa Vienna alipewa hataza ya chombo kilichotatua shida hiyo kwa kuongeza pete ya kubana. Katika miaka ya 1960, Geddings Osbon, mfanyabiashara wa matairi katika mji wa Augusta, Marekani, alijitengenezea chombo chake baada ya nguvu kumpungukia, na mwaka wa 1982 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliruhusu kiuzwe.

Namna kinavyofanya kazi si fumbo. Ndani ya uume mna mirija miwili ya nyama mfano wa sifongo. Kwa kawaida, mwanamume anapopata hamu, mishipa hupanuka, damu huijaza mirija hiyo, na njia za kutokea damu hubanwa. Kisukari, shinikizo la damu, uvutaji sigara, upasuaji wa tezi ya kibofu na baadhi ya dawa huharibu mpango huo.

Chombo hufanya kwa nguvu ya hewa kile ambacho mishipa na neva zimeshindwa kukifanya. Mtumiaji hupaka mafuta maalumu ya kulainisha, huingiza uume katika silinda ya plastiki, kisha huitoa hewa kwa pampu ya mkono au ya betri. Ombwe likipatikana, damu huvutwa ndani, na baada ya dakika chache uume husimama. Pete ya mpira husukumwa hadi kwenye shina ili damu isirudi, na silinda huondolewa.

Pete hiyo isikae zaidi ya dakika 30, la sivyo nyama zinaweza kudhurika kwa kukosa damu safi.

Kuhusu ufanisi, uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 1989 kutokana na majibu ya watumiaji zaidi ya 1,500 ulionyesha kwamba takriban tisa kati ya kila kumi walifanikiwa kusimamisha. Hata hivyo, hao walikuwa watu waliokwisha kuamua kukitumia, na kusimama si sawa na kuridhika. Wapo wanaokiacha kwa sababu uume huwa wa baridi, hubadilika rangi, huchezacheza kwenye shina, au kwa sababu pete huzuia manii kutoka. Wengi huhitaji mazoezi kabla ya kukizoea, na ushirikiano wa mke husaidia sana.

Chombo hicho hakiongezi hamu, hakirefushi uume, wala hakiponyi chanzo cha tatizo. Faida yake ni kwamba hakiingizi kemikali mwilini. Kwa hiyo huweza kumfaa mwenye maradhi ya moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti, ambaye vidonge vya sildenafili, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1998, vinaweza kumshusha presha hadi kufa.

Lakini si cha kila mtu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anaweza kuvuja damu chini ya ngozi. Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao si mgeni katika ukanda wa Pwani, anaweza kupatwa na hali ya uume kusimama bila kulala, ambayo ni dharura ya hospitali. Inapasa pia kuchagua chombo chenye kidhibiti cha nguvu ya ombwe, tena kwa ushauri wa daktari.

Mficha uchi hazai

Brown-Séquard angeishi leo, angekuwa wa kwanza kuuliza vipimo viko wapi. Swali hilo ndilo linalomfaa mwanamume wa Diani au Msambweni kabla ya kutoa shilingi zake kwa unga usio na jina. Kushindwa kusimamisha kunaweza kuwa dalili ya mapema ya kisukari au ya mishipa ya moyo inayoziba. Anayenunua dawa kichochoroni huenda akaficha ugonjwa ambao kipimo rahisi cha sukari na presha kingeufichua, katika hospitali ya Msambweni au zahanati iliyo karibu naye.

Wahenga wa pwani walisema mficha uchi hazai. Aibu ya dakika chache mbele ya daktari ni nafuu kuliko miaka ya kunyamaza chumbani huku ndoa ikipoa.

Profesa mwenyewe hakuufikia ujana alioutangaza. Nguvu zile zilimtoka kama zilivyomjia, naye akaendelea kuitetea dawa yake. Mapema mwaka wa 1894 alifiwa na mkewe wa tatu, kisha akapatwa na kiharusi, na mwanzoni mwa Aprili mwaka huo alifariki, siku chache kabla ya kutimiza miaka 77.

Ameacha urithi wa aina mbili. Madaktari wanaendelea kumkumbuka kwa uti wa mgongo na kwa tezi. Wachuuzi wa nguvu za kiume, wengi wao wasiowahi kulisikia jina lake, wameurithi ule wa pili: kosa lake, bila ukweli wake.