Edward Johnson: Aliyezifanya taa za Krismasi zicheze

KILA Desemba inapowadia, kuna nyumba nchini Marekani ambazo kuta, paa na miti yake hugeuka kuwa jukwaa la ngoma ya taa. Maelfu ya balbu huwaka na kuzima kwa kufuata mapigo ya muziki, nao wapita njia husimamisha magari yao barabarani wakatazama.

Wengi wakiulizwa asili ya mapambo hayo, humtaja Thomas Edison. Lakini wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Aliyeziwasha kwanza taa za umeme kwenye mti wa Krismasi ni Edward Hibberd Johnson, rafiki na mshirika wa Edison.

Johnson alizaliwa jimboni Pennsylvania mnamo 1846. Alianza maisha ya kazi akiwa mpiga telegrafu, kisha akaenda magharibi mwa Marekani kuhudumu katika shughuli za ujenzi wa reli. Mnamo 1871 alirejea mashariki kusimamia kampuni ya telegrafu. Kampuni hiyo ndiyo iliyompa kazi kijana mvumbuzi wa miaka 24, Thomas Edison. Hivyo basi, Johnson alikuwa kwanza bosi wa Edison kabla ya kugeuka kuwa mtu wake wa mkono wa kuume.

Kipawa cha Johnson kilikuwa ulimi na jicho la biashara. Alitambua kwamba chombo kipya hakiwezi kupendwa kwa kuelezwa tu. Sharti watu wakione na kukisikia kikifanya kazi. Mnamo 1877 alizunguka akiandaa maonyesho ambamo nyimbo zilisafirishwa kwa waya wa simu hadi kwenye ukumbi uliojaa watu.

Mapema 1878 alibeba fonografu, mtambo wa Edison wa kunasa sauti kwenye karatasi nyembamba ya bati, akaionyesha katika miji ya jimbo la New York. Alinasa nyimbo, milio ya tarumbeta, vicheko na hata kikohozi, kisha akawachezea wasikilizaji waliobaki vinywa wazi.

Ulipofika wakati wa balbu, mbinu ilikuwa ile ile. Mwanzoni mwa 1882 alikuwa London akisimamia mtambo wa Holborn Viaduct, ulioangaza barabara na majengo ya eneo hilo. Mnamo Septemba 4 mwaka huo, kituo cha umeme cha Pearl Street kilianza kazi mjini New York. Hata hivyo, kilihudumia sehemu ndogo tu ya mji, na watu wengi waliuogopa umeme kama kitu cha miujiza kisichofaa kuingizwa chumbani.

Ajabu ni kwamba watu hao hao hawakuogopa kufunga mishumaa yenye moto kwenye matawi ya mti mkavu. Familia nyingi ziliweka ndoo ya maji kando ya mti, na mishumaa iliachwa iwake kwa muda mfupi tu. Licha ya tahadhari hiyo, nyumba ziliteketea na watu kupoteza maisha katika siku ambayo ilipaswa kuwa ya furaha.

Mnamo Desemba 22, 1882, Johnson alitoa jibu lake sebuleni mwake, mjini New York. Alisimamisha mti wenye balbu 80 za rangi nyekundu, nyeupe na buluu, kila moja ikiwa na ukubwa wa kokwa ya jozi, zilizounganishwa nyaya kwa mkono. Mti wenyewe ulizunguka kwa nguvu za umeme, takriban mara sita kwa dakika.

Wala taa hizo hazikuwaka tu na kutulia. Chini ya mti palikuwa na mikanda ya shaba iliyokatwa vipande. Mti ulipozunguka, umeme ulipita katika kipande kimoja na kukatika katika kingine, hivyo kundi moja la taa likazima huku jingine likiwaka. Kwa lugha ya leo, mikanda hiyo ndiyo iliyokuwa programu ya mtambo.

Magazeti ya mji huo hayakuipa habari hiyo uzito. Iliyobaki ni taarifa ya mwanahabari Croffut, aliyeliandikia gazeti la Detroit. Johnson hakuvunjika moyo. Mnamo 1884 alitokea tena na mti wenye taa 120.

Hata hivyo, raha hiyo ilibaki ya matajiri kwa miaka mingi, kwa kuwa ilihitaji jenereta au umeme wa kampuni, pamoja na fundi wa kuunga nyaya moja moja. Ni mwanzoni mwa karne ya 20 ambapo taa zilizokwisha kuungwa kwenye waya mmoja zilianza kuuzwa madukani.

Johnson alifariki mnamo 1917, kabla ya mapambo hayo kuenea katika nyumba za watu wa kawaida.

Mnamo 2004 mhandisi mmoja wa umeme katika mji wa Mason, jimbo la Ohio, alitumia kompyuta kuzichezesha taa 16,000 za nyumba yake kwa muziki. Watazamaji waliusikiliza muziki huo kupitia redio za magari yao ili majirani wasisumbuliwe. Mwaka uliofuata, video yake ilisambaa duniani kupitia intaneti.

Kompyuta ilichukua nafasi ya mikanda ya shaba, lakini kazi ni ile ile: kuamua taa ipi iwake na ipi izime, na kwa wakati gani. Jina la Edison liko kwenye midomo ya wengi. La Johnson limesahaulika, ingawa taa zake zingali zinacheza.