Wilson Peter wa Simba Wanyika: Albamu ya kurudi iliyotukuta hatuna kitu

Panda matatu ya jioni kutoka Meru kwenda Embu, ukae mbele, na uombe dereva awe mtu wa makamo. Kabla hamjafika Chuka, kati ya zile kona za kushuka mtoni na kupanda tena, atawasha zilizopendwa. Gitaa moja litaingia polepole, la pili litafuata, halafu mtu wa kiti cha nyuma atasema hiyo ni Wanyika. Sasa muulize ni Wanyika gani. Mtafika Runyenjes bado mnabishana.

Ubishi huo naujua vizuri. Nilipoacha chuo, kazi yangu ya kwanza hapa Embu ilikuwa kuwawekea madereva nyimbo kwenye flash, mia mbili kwa flash moja. Wazee waliagiza Wanyika, nami nilipakua chochote chenye jina hilo nikawapa. Jamaa aliyeanzisha hiyo safari yote sikuwa nimewahi kulisikia jina lake. Ni Wilson Peter Kinyonga, na alifariki 1995, kabla wengi wetu tunaosoma hapa hatujazaliwa.

Wilson alikuwa Mtanzania wa Tanga. Mwaka 1966 yeye na ndugu yake George waliingia Jamhuri Jazz, bendi ambayo awali ilijulikana kama Young Nyamwezi. Tanga ya wakati huo ilikuwa mji wa mkonge na bandari, wafanyakazi wametoka kila pembe ya nchi, na wikendi ilikuwa ya dansi. Jamhuri walikuwa na wapinzani wao, Atomic Jazz, kwa hivyo ukiwa kijana mwenye gitaa ulijifunza haraka kwamba ukilala, watu wanahamia ukumbi wa pili. Magitaa ya Kongo ndiyo yaliyokuwa shule yao, hasa ya Dr. Nico. Sikiliza jinsi gitaa la akina Kinyonga linavyotembea, halina haraka, kila noti unaisikia peke yake. Nico yumo mle ndani.

Mwaka 1970 ndugu hao wakahamia Arusha wakaunda Arusha Jazz, safari hii wakiwa na ndugu yao wa tatu, William. Hawakukaa. Mwaka 1971 walivuka mpaka wakaingia Mombasa, na huko ndiko jina Simba Wanyika lilikozaliwa, yaani simba wa nyika. Miaka minne baadaye, 1975, wakapanda hadi Nairobi.

Huo mwaka 1975 ukumbuke, maana hapa ndipo sisi watu wa milimani tunaingia kwenye hadithi. Mwezi wa Julai baridi kali iliteketeza mibuni ya Brazil. Bei ya kahawa duniani ikapaa, na kufikia 1976 na 1977 mkulima wa Nkubu, Chogoria au Runyenjes alikuwa anashika pesa ambazo babake hakuwahi kuziota. Ukitaka kujua zilienda wapi, muulize mzee yeyote wa huku. Mabati, karo, ng'ombe wa gredi, na redio. Wengine walinunua mashine ya kuchezea santuri hata kabla ya kumaliza nyumba. Mzee wangu anasema kwao Nkubu ungejua malipo ya kahawa yametoka kwa kusikia muziki kutoka boma hadi boma. Kiswahili cha akina Kinyonga kilikuwa chepesi, mapenzi na ugumu wa maisha, na Mmeru na Muembu wote walikielewa bila mkalimani. Bendi ilifika mjini wakati wateja wana pesa mfukoni. Bahati kama hiyo haiji mara mbili, na kwa kweli haikuja.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ulikuja kufunguliwa 1983. Hebu fikiria wewe ni Wilson, una bendi yenye jina Nairobi, na kwenu ni Tanga, ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Miaka sita. Mgeni anayeishi kwa gitaa hana nguvu ya kugombana na mtu.

Ndipo 1978 bendi ikapasuka. Waliotoka hawakuwa watu wa kupanga viti. Alitoka Omar Shabani, yule wa gitaa la kati ambalo ndilo lililokuwa linawashika watu miguu, akatoka Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa drums. Walijifungia miezi kadhaa wakifanya mazoezi bila kipato, John Ngereza akajiunga nao, na walipotokea walikuwa Les Wanyika. Kisha wakatoa Sina Makosa. Ule wimbo kila Mkenya anaujua, hata wewe unayejifanya wa drill tu. Kwa kifupi, wimbo mkubwa zaidi wenye jina la Wanyika si wa Wilson. Yeye ndiye aliyekuwa na jina, wenzake wakaondoka nalo nusu, wakalifanya kubwa kumliko. Baadaye Issa Juma naye akaja na Super Wanyika yake. Ukoo mzima ukatokea, na baba wa ukoo yuko pale pale kilabuni, anatafuta mpiga besi.

Mimi pia niliwahi kuwa na kikundi chuoni, watu watatu, spika moja ya kuazima. Mmoja alipotoka aliondoka na jina na ukurasa wetu wenye wafuasi wote. Tuliobaki tulinuna wiki mbili tukaacha muziki kabisa. Ndiyo maana Wilson ananishangaza. Hakuacha. Yeye na George waliandika wapiga vyombo wapya, wakawafundisha, wakarudi studio. Mwaka 1980 redio ya taifa, VOK, iliagiza asilimia 75 ya muziki unaopigwa uwe wa Kikenya. Agizo lenyewe halikudumu, lakini kwa Mtanzania aliye Nairobi ujumbe ulikuwa umefika. Wakaendelea tu. Miaka ya themanini ndiyo waliyotoa nyimbo zao nyingi tunazozicheza leo, kama Baba Asiya na Haleluya, pamoja na ule wa shilingi, Shilingi Yaua Tena Maua, unaohusu pesa na inavyomfanya mtu. PolyGram wakaziweka kwenye santuri. Sauti ni tulivu, huwezi kudhani ni bendi iliyoachwa na nusu ya watu wake.

Tatizo ni kwamba santuri ilikuwa inakufa na kaseti imeingia. Kaseti moja halali ilizaa mia za kudurufu, na mwanamuziki hakuona hata thumni. Kila mji ulikuwa na kibanda chenye redio mbili zilizounganishwa kwa waya, moja inacheza, nyingine inarekodi. Meru vilikuwepo, Embu vilikuwepo. Mzee wangu alinunua yake kwenye kibanda kama hicho na hajawahi kuona kosa.

Sasa njoo kwenye albamu yenyewe. Kufikia mwanzo wa miaka ya tisini ndugu hawa walikuwa wamewahi kwenda Ulaya kupiga shoo, na wazungu walikuwa wameanza kuitafuta rumba ya Nairobi kwa bidii kuliko sisi wenyewe. Mwaka 1992 lebo ya Uholanzi, Kameleon, ikatoa Pepea. Nyimbo zao za zamani zilirekodiwa upya, zikawekwa kwenye CD. Hii ndiyo iliyotakiwa kuwarudisha.

Kuna wanaosema rekodi za kwanza zina roho zaidi. Nimezisikiliza zote kwa earphone, usiku, mara nyingi tu, na sikubaliani nao. Kwenye Pepea besi inasikika, kila gitaa lina nafasi yake, na unasikia watu wazima wakirudia nyimbo walizozitunga wakiwa na umri mdogo. Wanaimba kama watu wanaojua mwisho wa hadithi. Ningekuwa wakati huo ningeinunua.

Au labda nisingeinunua, maana ningeichezea nini? Mwaka 1992 nani Chuka alikuwa na mashine ya CD? Na pesa zingetoka wapi? Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa unashikilia bei ya kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Wale wale waliocheza santuri 1977 walikuwa sasa wanapanda ndizi katikati ya mibuni, wanasubiri malipo ambayo hayaji. Wilson alirudi na kazi safi kuliko zote, na mashabiki wake wa mlimani walikuwa wamefilisika. Albamu ilitufikia kwa njia moja tu, redio mbili na waya.

Halafu Desemba ya mwaka huo huo, nchi ikiwa imechanganyikiwa na kampeni za uchaguzi wa vyama vingi, George akafariki.

Walikuwa wameanza pamoja Tanga, wakavuka mpaka pamoja, wakabaki pamoja wenzao walipoondoka 1978. Albamu ya kurudi ilikuwa na umri wa miezi tu. Wilson alijaribu kuendelea bila yeye. Mwaka 1995 naye akafa, na Simba Wanyika ikaishia hapo. Hakuna aliyelirithi jukwaa.

Biashara ya flash niliiacha mwaka jana. Ningependa kusema ni kwa sababu ya Wilson, lakini ukweli ni kwamba madereva wote siku hizi wana bluetooth. Hata hivyo siku moja nilipiga hesabu ya flash zenye Wanyika nilizouza, nikaishia katikati kwa aibu.

Krismasi iliyopita nilimwomba mzee ile kaseti yake. Alinipa baada ya kunisumbua sana, akaniambia nisiipoteze. Nimepata redio kuukuu ya kuichezea, mkanda unakwaruza na mahali pengine sauti inazama kabisa. Upande wa kwanza wote ni Wilson na George. Kwenye karatasi ya juu, kwa kalamu ya buluu, mwenye kibanda aliandika Les Wanyika.